Mgeni Njoo: Susumu Tonegawa na Kitendawili cha Kingamwili

Mwishoni mwa mwaka 1970 viza ya Susumu Tonegawa ilikuwa inakwisha. Alikuwa Mjapani wa miaka 31, mtafiti katika Taasisi ya Salk kule California chini ya Renato Dulbecco, akichunguza SV40, kirusi kinachosababisha uvimbe kwa wanyama. Kazi ilikuwa imekolea. Lakini aliingia Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, na masharti yake hayakuwa na mjadala: muda ukiisha unaondoka, na unakaa nje si chini ya miaka miwili ndipo uombe tena. Dulbecco akamwandikia kwamba mjini Basel, Uswisi, kumeanzishwa taasisi mpya ya elimu ya kinga ya mwili, ajaribu huko. Tonegawa hakuwa mtu wa kinga. Alianzia kwenye kemia, akaingia virusi vya bakteria, kisha virusi vya uvimbe. Habari za kingamwili, protini ambazo mwili hutumia kukamata vijidudu, alizijua kwa juu juu tu. Akafunga mizigo, na mwanzoni mwa 1971 akawa Basel, katikati ya watu wenye lugha ya fani ambayo si yake.

Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, peke yake bila mwenza, kwa kugundua namna jeni zinavyozaa kingamwili za aina zisizo na idadi. Hakuna Mjapani aliyewahi kuipata tuzo hiyo ya tiba kabla yake.

Habari hii husimuliwa kama habari ya kichwa chenye akili za ajabu. Akili zake sizikatai. Ila nikiifuata hatua kwa hatua naona kilichobeba uzito zaidi ni kingine: Tonegawa alichukua zana za nyumba moja akaingia nazo nyumba ya jirani, akazielekeza kwenye swali lililowasumbua wenyeji kwa miongo, na wenyeji wakampa nafasi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nasema utafiti wetu wa tiba huku Afrika Mashariki umepangwa kwa namna ambayo mgeni wa aina hii hapati pa kuingilia, na hasara yake ni kubwa kuliko hata ile ya uhaba wa fedha tunayoililia kila mwaka wa bajeti.

Tuanze na mwalimu. Tonegawa alizaliwa Nagoya mwaka 1939, akaingia Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka 1959 kusomea kemia. Karibu na kumaliza akakutana na maandishi ya Wafaransa wawili, François Jacob na Jacques Monod, juu ya namna bakteria anavyowasha na kuzima jeni zake, na kemia ikamtoka moyoni. Akaenda kwa Profesa Itaru Watanabe, aliyekuwa akifanya biolojia ya molekuli pale Kyoto. Watanabe hakumng'ang'ania. Alimweleza waziwazi kwamba Japani wakati ule haikuwa na mafunzo ya kutosha katika fani ile changa, akamshauri aende Marekani. Katika mkasa huu wote, mwalimu huyu ndiye ninayempenda kuliko wengine. Kumwambia mwanafunzi wako bora kwamba hapa kwangu hapakutoshi, nenda, kunahitaji moyo mkubwa, na wengi wetu tulio na wanafunzi hatujawahi kutamka maneno hayo hata mara moja.

Mjini San Diego, Marekani, alisoma chini ya Masaki Hayashi, akamaliza uzamivu mwaka 1968 juu ya kirusi cha bakteria kiitwacho lambda. Kirusi hicho kwa macho ya hospitali hakina faida yoyote. Hakimpati mtu, hakina dawa, hakina mgonjwa. Lakini ndicho kilichomfundisha mkono wake namna ya kushika DNA, kemikali inayobeba jeni, na RNA, nakala yake, kuzipima, kuzilinganisha, kujua kipande hiki kinafanana na kipi.

Sasa swali lenyewe lililokuwa likimsubiri kule Basel.

Mwili wa mtu hutengeneza kingamwili dhidi ya karibu kila kitu kigeni kinachoingia. Hutengeneza dhidi ya kirusi ambacho mababu zake hawakukutana nacho. Hutengeneza hata dhidi ya kemikali iliyoundwa maabara juzi, ambayo haijawahi kuwapo duniani. Kingamwili ni protini, na protini hutoka kwenye jeni. Kama kila kingamwili ingekuwa na jeni yake kamili, urithi wote wa binadamu usingetosha. Leo tunajua jeni zetu zinazotengeneza protini ni kama 20,000 tu, za kazi zote za mwili. Basi hizi kingamwili mamilioni kwa mamilioni zinaandikwa wapi?

Wataalamu walikuwa wamegawanyika. Wapo walioshikilia kwamba jeni zote za kingamwili tunarithi kwa baba na mama, zimejaa humo tangu mwanzo. Wengine wakasema tunarithi chache, kisha zinabadilika ndani ya seli tukiwa hai. Ushahidi wa ajabu ulikuwa kwenye umbo la kingamwili yenyewe. Ina umbo la panda, minyororo mizito miwili na miepesi miwili. Ncha zake hutofautiana sana kutoka kingamwili moja hadi nyingine, na hizo ndizo zinazokamata adui. Lakini shina lake halibadiliki. Ni kama mkulima mwenye mpini wa aina moja na vichwa vingi, leo shoka, kesho jembe. Mwaka 1965 William Dreyer na Claude Bennett walithubutu kusema kwamba pengine ncha na shina zina jeni mbili tofauti zinazokuja kuungana. Wengi hawakuridhika. Ilikuwa imani ya kila kitabu kwamba DNA ya seli zote za mwili ni ile ile na haiguswi. Barbara McClintock alikuwa ameona jeni za mahindi zikihama tangu miaka ya 1940, lakini hayo yalionekana mambo ya mahindi.

Mabishano yale yalikwenda miaka mingi kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na hoja na hakuna aliyekuwa na njia ya kuifungua DNA na kuangalia. Mtu wa kinga alijua kudunga sindano, kuvuna damu ya mnyama, kupima nguvu ya kingamwili. Tonegawa alijua kushika DNA.

Taasisi ile ya Basel ililipiwa na kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Mdenmaki Niels Jerne. Jerne aliiendesha kwa namna iliyowashangaza wengi: watafiti karibu 50, hakuna idara, hakuna ngazi za ukubwa, kila mmoja yuko huru kuchagua swali lake. Tonegawa alipofika alitaka kuendelea na SV40 yake, akagundua upesi kwamba pale si mahali pake. Hakufukuzwa. Hakuambiwa aandike ripoti ya robo mwaka kueleza dawa gani itatoka. Alikaa, akasikiliza, akajifunza kutoka kwa majirani zake, akapata rafiki wa kubishana naye, mwanajenetiki Charles Steinberg. Kwanza akajaribu kuzihesabu jeni za kingamwili zinazorithiwa, akaona ni chache mno kutosheleza kazi. Kisha zikaja zana mpya, vimeng'enya vinavyokata DNA mahali maalumu. Mmoja wa mababa wa vimeng'enya hivyo, Werner Arber, alikuwa mji huo huo wa Basel.

Hapa naomba msomaji avumilie tuingie maabara, kwa sababu jaribio hili lina uzuri ambao muhtasari unauua.

Tonegawa na mwenzake Nobumichi Hozumi walichukua DNA ya aina mbili kutoka kwa panya wa maabara. Ya kwanza ilitoka kwa viinitete, ambavyo havijaanza kutengeneza kingamwili. Ya pili ilitoka kwenye saratani ya seli zinazotengeneza kingamwili, ambapo seli zote ni watoto wa seli moja na zote zinatoa kingamwili ile ile. Wakazikata zote mbili kwa kimeng'enya kile kile, BamHI. Kisha vipande vikawekwa kwenye jeli ya agarosi na kupitishiwa umeme.

Nimemimina jeli za agarosi kwa miaka tisa ya maisha yangu, kwa hiyo hatua hii naiona kwa macho. Unapima unga mweupe, unauchanganya na bafa, yaani maji ya chumvi maalumu za maabara, unauchemsha mpaka maji yawe maangavu kama hayana kitu. Unasubiri chupa ipoe kiasi cha kushikika kwa mkono. Unamimina polepole kwenye trei, unachomeka kitana ili kiache vishimo, unakaa. Ikiganda unachomoa kitana kwa pumzi iliyobanwa, maana kishimo kikichanika sampuli imepotea. DNA unaitia kwa rangi ya buluu ili uione ikizama. Ukiwasha umeme, vipovu vidogo vinapanda kwenye waya, na rangi inaanza kusafiri taratibu. Kipande kidogo hupenya haraka, kikubwa huburuta miguu nyuma. Umeme ukikatika katikati ya safari, na huku kwetu hukatika, vipande vinaanza kutawanyika ndani ya jeli na kesho unarudia upya. (Agarosi yenyewe ni zao la mwani. Si huu unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, ambao hutoa karajinani, bali ni ndugu yake.)

Mwaka 1975 Edwin Southern alikuwa ameshachapisha mbinu yake ya kuihamishia DNA kutoka kwenye jeli hadi kwenye karatasi maalumu, mbinu ambayo baadaye kila maabara iliitumia. Hozumi na Tonegawa hawakuitumia. Waliikata jeli vipande vipande, wakaikamua DNA kutoka kila kipande, wakaipima moja moja kwa RNA ya kingamwili iliyotiwa alama ya mionzi. RNA moja ilikuwa nzima, ina ncha na shina. Nyingine ilikuwa nusu ya mwisho tu, shina peke yake. Ukilinganisha mbili hizo unajua jeni ya ncha iko kipande gani na ya shina iko kipande gani.

Kwenye viinitete, jeni ya shina ilikutwa kwenye kipande chenye uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) milioni 6.0, na ya ncha kwenye kipande kingine cha milioni 3.9. Mbali mbali. Kwenye saratani, zote mbili zilikutwa pamoja, kwenye kipande kimoja cha milioni 2.4.

Namba tatu hizo zilimaliza ubishi wa miongo. Seli ilikuwa imekata DNA yake yenyewe, ikaondoa cha katikati, ikaunga ncha na shina. Urithi tunaozaliwa nao na urithi ulio ndani ya seli ya kinga iliyokomaa si kitu kimoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1976, na mwaka huo huo Tonegawa akayaeleza kwenye kongamano la Cold Spring Harbor, Marekani, mbele ya watu wa kinga ambao fani ilikuwa yao tangu zamani.

Miaka iliyofuata, maabara yake na nyingine, ikiwamo ya Leroy Hood na ya Philip Leder, zilionyesha kwamba vipande ni vingi kuliko ilivyodhaniwa. Mnyororo mzito wa binadamu huunganishwa kutoka makundi matatu ya vipande: V, ambavyo vinavyofanya kazi ni kama 40, D kama 23, na J 6. Chagua kimoja kutoka kila kundi, tayari unapata michanganyiko 5,520. Mnyororo mwepesi una michanganyiko yake zaidi ya 300. Zidisha, unavuka milioni moja na nusu, na hapo bado hujahesabu herufi za DNA zinazoongezwa na kupunguzwa kwenye viungo, wala mabadiliko yanayokuja baadaye seli ikishakutana na adui. Msusi wa mikeka hana stoo ya mikeka elfu nyumbani kwake. Ana miyaa ya rangi chache, na kila mkeka unatoka na marembo yake.

Sasa nirudi nyumbani.

Katika maabara niliyofanyia kazi alikuja binti mmoja mwenye shahada ya fizikia. Alikuwa hodari wa hesabu na wa kuandika programu, na alikuja kwa mkataba mfupi kutusaidia kupanga data. Baada ya miezi mitatu alikuwa akisoma makala za kinga usiku na kuja asubuhi na maswali. Akaomba kuendelea na shahada ya uzamili katika elimu ya kinga kwenye chuo kimoja cha ukanda huu. Jibu lilikuja kwa mistari miwili: masomo yake ya awali hayaendani na programu aliyoomba. Hakuna aliyemwita kumuuliza anataka kuchunguza nini. Niliposhika barua ile nilimkumbuka Tonegawa, mkemia, akiingia Basel bila kuwa mtu wa kinga.

Najua nitaambiwa ule ni mfano mmoja. Lakini nimekaa kwenye vikao vya kupitia maombi, na neno "si fani yake" nimelisikia mara nyingi kuliko neno "swali lake ni zuri". Mtu aliyesomea mimea akigusa malaria anaonekana amepotea njia. Daktari wa wanyama akitaka kufanya kazi na daktari wa watu, kila mmoja ana wizara yake na fomu zake. Na fomu za fedha ndizo zinazokaza kamba zaidi, kwa sababu karibu zote zinaanza na jina la ugonjwa. Ukitaka kujua namna seli inavyounga jeni zake, andika kwanza ni ugonjwa gani utapungua ndani ya miaka mitatu.

Wapo wanaosema hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Watoto wetu wanakufa leo, anasa ya maswali ya msingi tuwaachie matajiri. Hoja hiyo naiheshimu, maana inatoka kwenye uchungu wa kweli. Lakini tuipime kwa mtoto wa kwetu. Mwaka 1957 pale hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya. Akaona wengine, akakusanya habari zao, na mwaka 1958 akaandika kuhusu saratani ile ambayo leo ina jina lake, na ambayo huwapata watoto wa maeneo yenye malaria kali, zikiwamo kanda zinazolizunguka Ziwa Victoria. Kiini cha saratani hiyo hakikujulikana mpaka mwaka 1982, watafiti walipoona kwamba jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuhimiza seli igawanyike, imekatwa kutoka kromosomu yake na kupachikwa jirani na jeni za kingamwili. Seli B, ile seli ya kinga inayotengeneza kingamwili na ambayo kazi yake ni kukata na kubadili jeni zake za kingamwili, imekosea mahali pa kuunga. Asingekuwapo mtu wa kuuliza jeni za kingamwili zinapangwaje, mtu yule wa virusi visivyo na mgonjwa, uvimbe wa taya la mtoto wa Uganda ungebaki bila maelezo.

Na isidhaniwe kwamba maswali ya namna hii hayawezi kuulizwa kutokea hapa. Yaliulizwa. Mwaka 1973 ilianzishwa Nairobi, pale Kabete, maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, ILRAD, kwa ajili ya ndigana kali na nagana. Nagana huletwa na kimelea kinachosambazwa na mbung'o, ndugu wa kile cha malale kwa binadamu. Kimelea hiki kinaishi wazi ndani ya damu, kimevaa koti la protini. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya koti hilo, vimelea vinaanguka kwa mamilioni, homa inashuka. Lakini wachache wamekwisha kubadili koti. Wanazaana, homa inapanda tena, kingamwili za jana hazifai kitu. Ng'ombe anakonda wiki baada ya wiki. Mfugaji wa pembeni mwa mapori yetu anaijua homa hiyo ya kwenda na kurudi bila kusoma popote.

Mwaka 1979 watafiti watatu wa ILRAD, Williams, Young na Mkenya Phelix Majiwa, walichapisha katika jarida la Nature kazi iliyofanana kwa mantiki na ile ya Basel: walikata DNA ya vimelea vyenye makoti tofauti, wakavilinganisha, wakaonyesha kwamba koti linapobadilika, jeni zake zimepangwa upya. Kimelea kinahamisha jeni ili kukwepa, mwili wetu unahamisha jeni ili kukamata. Ugunduzi huo ulitoka Nairobi, miaka mitatu tu baada ya Basel, kwa sababu pale Kabete walikuwa wamewekwa pamoja watu wa mifugo, watu wa vimelea na watu wa molekuli, wakapewa vifaa na muda. Kila nikisikia mtu akisema Afrika kazi yetu ni kutoa sampuli, namtajia makala hiyo.

Siyasemi haya kudharau majaribio ya chanjo. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilipojaribiwa kwa mara ya mwisho kabla ya kuidhinishwa, Kilifi, Kombewa, Siaya, Bagamoyo na Korogwe zote zilishiriki, na akina mama waliopanga foleni na watoto wao ndio walioipatia dunia jibu. Chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, nayo ilipita Kilifi na Bagamoyo. Najivunia. Lakini chanjo hizo mbili zinamlenga adui akiwa ametoka tu kwenye mbu, kabla hajaingia kwenye chembe za damu. Hakuna chanjo iliyoidhinishwa ya hatua ya damu, ile inayoleta ugonjwa na kuua. Na tunajua kinga ya hatua hiyo ipo! Mwaka 1961 watafiti wa Gambia walichukua kingamwili za watu wazima wakawapa watoto wenye malaria, vimelea vikapungua. Mwaka 1963 wakachapisha kwamba kingamwili hizo za Afrika Magharibi ziliwasaidia hata watoto wa Afrika Mashariki. Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado watafiti wanatafuta ni protini zipi hasa ambazo kingamwili hizo zinazishika. Hilo ni swali la kaliba ya lile la Tonegawa, na lina wenyewe: limo kwenye damu ya bibi zetu. Litajibiwa na mtu wa kinga akiwa peke yake? Sidhani. Litahitaji mtu wa hesabu, mtu wa maumbo ya protini, pengine mtu ambaye leo anasomea kitu kisicho na uhusiano wowote na malaria.

Fedha zinahusika, sikatai. Umoja wa Afrika ulishakubaliana kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ikaandika asilimia 2, lengo ambalo halijafikiwa. Lakini kumweka mgeni mmoja kwenye benchi kwa miaka miwili hakuhitaji asilimia yoyote. Kunahitaji mkuu wa taasisi aseme: nafasi hizi mbili hazina jina la ugonjwa, hazina shahada ya lazima, njoo na swali lako tukusikilize. Hata nyumba ya Basel haikudumu milele; mwanzoni mwa karne hii Roche ilikuwa imeshaifunga. Katika muda wake ilikuwa imetoa Nobel tatu, ya Jerne na ya Georges Köhler mwaka 1984, kisha ya Tonegawa.

Yeye mwenyewe hakuacha kuhama. Mwaka 1981 alikwenda chuo cha MIT, Marekani, kwa mwaliko wa Salvador Luria. Huko akaingia kwenye jeni za vipokezi vya seli T (seli nyingine za kinga), vipokezi ambavyo ni ndugu wa kingamwili. Mwaka 1992 maabara yake ilitengeneza panya wasio na jeni iitwayo RAG-1, mkasi unaokata vipande vya V, D na J, na panya hao hawakuwa na seli B wala T zilizokomaa hata moja. Ni picha ile ile ya watoto wanaozaliwa bila kinga kwa sababu mkasi huo ni mbovu. Mwaka huo huo, akiwa na Nobel mfukoni na akikaribia miaka 53, jina lake lilikuwa tayari kwenye makala za ubongo. Pamoja na Alcino Silva aliondoa jeni moja kwa panya na kuonyesha kwamba panya hao wanashindwa kujifunza njia. Mwaka 2012 kikundi chake kilitumia mwanga kuamsha kumbukumbu ya hofu iliyohifadhiwa kwenye seli chache za ubongo wa panya. Wapo wanaosema aliweza kuhama kwa sababu alikuwa na tuzo. Wanasahau mpangilio wa mambo. Alihama mara tatu kabla hajajulikana na yeyote, na mara ya tatu alisukumwa na karatasi za uhamiaji.

Yule binti wa fizikia alipata nafasi nje ya bara. Kabla hajaondoka aliniachia karatasi ya daftari aliyoandika swali lake kwa kalamu ya wino: kama seli B za mtoto wa Kilifi na za mtoto aliyekulia pasipo na malaria zinaanza na vipande vile vile, ni mipangilio ipi inayobaki kwa yule wa Kilifi baada ya homa ya tano, na je, tunaweza kuisoma yote tukatambua ile inayomlinda? Sampuli za kujibu swali hilo ziko huku kwetu, kwenye majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kilomita chache kutoka alikozaliwa. Mwezi jana aliniandikia kwamba ameanza kuomba kibali cha kusafirishiwa.